Sokol "ilianzishwa" au "kilianzishwa"? Na ni klabu ya sarakasi kweli?

Swali: Natafsiri habari za Sokol ya Wacheki. Nimeandika "klabu ya sarakasi iitwayo Sokol kilianzishwa 1862", mhariri kanirudishia. Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri yuko sawa, na nianze na sarakasi maana ndo imeharibu zaidi. Sarakasi ni ya kutumbuiza, watu wanapandana mabegani, wanabinuka, watazamaji wanashangilia. Sokol walifanya jimnastiki, ile tuliyoizoea shuleni kama mazoezi ya viungo, wamejipanga mistari, mikono inanyanyuka yote kwa pamoja.

Sasa "klabu". Msomaji wetu hapo anawaza mpira au pombe. Miroslav Tyrš na Jindřich Fügner walipoianzisha Sokol mjini Praha, Februari 1862, Wacheki walikuwa chini ya Austria na Kijerumani ndo lugha ya wakubwa, kwahiyo Tyrš akatunga istilahi za mazoezi kwa Kicheki chenyewe, jambo ambalo mimi kama mtu wa lugha linanigusa sana. Na jumba lao, sokolovna, halikuwa la mazoezi tu, humohumo kuna maigizo, maktaba, dansi, hata vikaragosi vya watoto. Wanazi wakaja kuipiga marufuku 1941, waliona ilivyowashika watu. Kitu cha hivyo kwetu kina jina tayari, ni chama, maana chama kwetu kinazika, kinakopesha, kinacheza ngoma. Wanachama wao waliitana kaka na dada, wewe andika "ndugu", imetosha wote.

Upatanisho: "chama cha Sokol kilianzishwa", ila jina likisimama peke yake "Sokol ilianzishwa", kama tunavyosema CCM imeshinda japo ni chama. Sentensi yako imeanza na klabu ikamalizia na ki-, ndo ikagongana.

Jina lenyewe liache. Sokol ni kozi, yule ndege mwindaji, ila ukiandika "Chama cha Kozi" watu watafikiria masomo ya kompyuta. Tena jina hilohilo lilisambaa kwa Waslavi wengine, yaani jamaa wa Wacheki kilugha, mji wa Lwów kwa Wapoland lilifika 1867, ukilitafsiri unaukata huo undugu.

Slet yao, ile mikusanyiko mikubwa iliyoanza 1882, andika "tamasha la slet" mara ya kwanza, halafu endelea na "tamasha" tu.