Tasnifu imekwama na supavaiza hajibu? Soma hapa

Mkuu, umesema kozi za darasani umemaliza vizuri ila tasnifu haisogei, unamtumia supavaiza chapta na kimya kinatawala. Nimepita huko, masta mpaka PhD, nakupa yaliyonisaidia mimi.

Masupavaiza wengi hawana ubaya na wewe, wamebanwa tu. Ana vipindi, ana wanafunzi wengine, ana maandiko yake ya kuombea fedha. Sasa wewe ukimrushia kurasa arobaini halafu unaandika "naomba maoni", hiyo anaiweka pembeni mpaka apate siku nzima ya kukaa nayo na siku hiyo haipatikani kamwe. Mimi nilihamia kwenye kutuma kurasa chache, na juu yake swali moja ambalo anaweza kulijibu kwa simu akiwa amesimama. Mfano: "Prof., sampuli nimeipunguza kutoka walimu wote hadi walimu wa sayansi, sababu nimeieleza ukurasa wa 2. Niendelee hivi? Kama hutakuwa na pingamizi hadi Ijumaa, nitaanza kurekebisha dodoso." Hiyo sentensi ya mwisho ndio mchezo wenyewe, iandike kwa adabu lakini iandike. Ila usiitumie kwenye mambo ya kubadili mada au kibali cha maadili ya utafiti, huko subiri jibu lake kwa maandishi.

Mkishakutana, siku hiyohiyo mtumie imeili fupi ya mliyokubaliana. Wa kwangu aliniambia niondoe nadharia moja, baadae akaja juu kwamba mbona haipo, nikamfowadia ile imeili, akacheka yakaisha. Bila ile imeili ningeandika upya sura nzima aisee.

Kusoma makala zote mwanzo mwisho sahau. Anza na ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), ruka kwenye majedwali, kisha hitimisho, ukiona inakuhusu kweli ndio urudi kwenye mbinu. Na weka Zotero leo, programu ya kutunza marejeo, ni bure, marejeo yajipange yenyewe, maana kuyapanga kwa mkono wiki ya mwisho ni adhabu.

Sura ya mbinu usingoje umalize fildi, iandike ukiwa hukohuko. Vitu kama wangapi walikataa kujaza dodoso na walitoa sababu gani, ukirudi nyumbani vimeshafutika kichwani, na mtahini wa nje atakuuliza hayohayo.

Kuhusu kubadili supavaiza, vyuo vingi vinaruhusu ila anza na mratibu wa programu kimyakimya kabla hujaandika barua.

Siku ya kutetea tasnifu jiandae tu kwamba marekebisho yatakuwepo, hata waliofaulu vizuri wanapewa. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa kilipo. Hoja usiyokubaliana nayo usiiruke, andika sababu zako kwenye safu ya katikati, mara nyingi wanaipitisha.