Maswali na Majibu: Kanji Zipangwe kwa Bushu au kwa Sauti?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza Kijapani, na ninajiandaa kwa JLPT, yaani mtihani wa ustadi wa Kijapani, ngazi ya kati ya N3. Nilipochoka kukariri kanji, yaani herufi za Kijapani zilizotoka China, moja moja, nilianza kuzipanga kwa bushu, yaani sehemu zinazoshirikiana, nikaanza na ile ya maji: 海, 池, 泳, 洗, 港, 湖, 油 na 泣. Sasa nikiiona mojawapo najua tu kwamba inahusiana na maji, ila nashindwa kusema ni ipi. Pia kila mara nachanganya 待 (kusubiri) na 持 (kushika). Je, njia hii haifai? Na ni lazima nikariri bushu zote 214?

Jibu: Marahaba. Kupanga kanji kwa makundi ni njia nzuri na sikushauri uiache, ila kigezo ulichochagua ndicho kinachokuangusha. Umekusanya kanji zinazofanana upande wa kushoto na zinazokaribiana kimaana, kisha ukajifunza zote kwa mpigo, kwa hiyo unapoitafuta moja kichwani zinajitokeza nane. Alama ile ya matone matatu, ambayo Wajapani huiita *sanzui*, hutaja aina ya jambo bila kulitaja jambo lenyewe, kama vile ki- ya mwanzo isivyoweza kukujulisha iwapo neno ni kiti, kisu au kikombe. Sijapata kuona mgeni akifundishwa Kiswahili kwa kukaririshwa kwanza maneno yote ya ki-.

Kwa wasomaji ambao hawajalizoea neno hili, bushu ni sehemu ya kanji ambayo kamusi huitumia kuipangia mahali pake. Mpango huo ulianzia China: Xu Shen, aliyetunga kamusi yake mnamo mwaka 100 hivi, aligawa herufi katika mafungu 540, kamusi ya Zihui ya mwaka 1615 ikayapunguza hadi 214, na kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ikaifuata idadi hiyo, ambayo kamusi nyingi za Kijapani zimeirithi. Lengo lilikuwa kumwezesha msomaji kuipata herufi asiyoijua, na kwa kuwa kila kanji ilipaswa kuwa na fungu moja tu, baadhi zimewekwa mahali ambapo mwanafunzi hapategemei. Kanji ya kusikia, 聞, inaonekana kama mlango (門) wenye sikio ndani, nawe ungeitafuta kwenye mlango. Kamusi imeiweka kwenye sikio (耳). Kanji ya pombe, 酒, ina matone matatu wazi kabisa, lakini fungu lake ni lile la chombo cha pombe, 酉. Hata 漢, ile ya kwanza katika neno *kanji* lenyewe, ina maji kwa sababu tu Han lilikuwa jina la mto kabla ya kuwa jina la ufalme na watu wake.

Mlango, hata hivyo, haukuwekwa kwenye 聞 kama pambo. Upo kwa ajili ya sauti, na hapa ndipo penye manufaa. Zaidi ya nusu ya kanji za matumizi ya kawaida zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine ikidokeza matamshi. Sehemu ya maana mara nyingi ndiyo bushu. Sehemu ya matamshi wanafunzi wengi hawaitazami, ingawa ndiyo inayotofautisha 洗 na 泳.

Irudie orodha yako kwa jicho hilo. Katika 洗, kuosha, upande wa kulia ni 先, ambayo unaijua tangu somo la kwanza katika neno *sensei*, na 洗 nayo husomwa *sen*. Katika 泳, kuogelea, upo 永 unaosomwa *ei*, na 泳 pia ni *ei*. Katika 油, mafuta, upo 由, na zote mbili zina usomaji wa *yu*. Katika 湖, ziwa, ndani ya sehemu ya kulia imo 古, *ko*, na 湖 husomwa *ko*. Kanji nne kati ya nane zimejitenga bila kukariri kitu kipya.

Kwa hiyo geuza mpango wako: acha sehemu ya sauti iwe msingi wa kundi, na bushu iwe kitofautishi ndani yake. Kundi ninalopenda kuanza nalo ni la 包, kufunga au kuzungushia, linalosomwa *hō*. Ukiongeza mkono unapata 抱, kukumbatia. Ukiongeza maji unapata 泡, povu. Jiwe, 砲, mzinga. Mwili, 胞, iliyomo katika neno *saibō*, yaani seli (ndani ya neno hilo *hō* hugeuka *bō*). Na chakula, 飽, kukinai. Zote husomwa *hō*. Hapo bushu inafanya kazi yake halisi, kwa sababu swali limebaki moja tu: ni *hō* ya nini?

Makundi mengi si manyoofu kiasi hicho. Kundi la 反 lina 飯 (wali), 板 (ubao), 坂 (mteremko) na 販 (kuuza) kwa sauti ya *han*, lakini 返, kurudisha, ni *hen*. Nayo 仮, inayosomwa *ka*, haimo humo kabisa: ni umbo lililorahisishwa la 假, ambalo halikuwa na 反.

Kundi la 寺 ndilo linalokusumbua. Kanji 時, 持 na 侍 zina usomaji wa *ji*, 詩 ni *shi*, lakini 待 ni *tai* na 特 ni *toku*. Sauti hizi zilikaribiana herufi zilipoundwa China, kisha lugha zikabadilika na maandishi yakabaki. Kwa 待 na 持, basi, tegemea upande wa kushoto: 彳 inahusu hatua na njia, na anayesubiri yuko njiani, 扌 ni mkono, nao ndio unaoshika. Ziandike ndani ya vitenzi vyake, 待つ (*matsu*) na 持つ (*motsu*), kwa kuwa sehemu ya sauti hudokeza usomaji uliotoka China tu, na haisaidii kitu katika usomaji wa Kijapani asilia kama huu.

Bushu zote 214 huzihitaji. Kwa maoni yangu thelathini au arobaini zinatosha kwa ngazi yako, ila zifahamu vizuri, hasa zile za hila. Umbo 月 ni mwezi katika 期 lakini ni nyama katika 肺 (pafu), 胃 (tumbo la chakula) na 腕 (mkono). Umbo 阝 likiwa kushoto, kama katika 陸, ni kilima. Likiwa kulia, kama katika 都, ni mji.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa kazi. Tangu mtihani ulipobadilishwa mwaka 2010 hakuna orodha rasmi ya kanji kwa kila ngazi, na maswali hupima maneno ndani ya sentensi. Usiunde kundi kabla hujakutana na angalau kanji zake mbili katika maneno unayoyatumia. Zinazobaki ziongeze kadiri zinavyojitokeza katika usomaji wako. Kanji kama 泣, kulia, haitaingia kwa urahisi katika kundi lolote la sauti unalolijua sasa. Hiyo ishike kwa neno lake, *naku*, na usiilazimishie hadithi ya kubuni.