Kuziba macho hakumfichi mgonjwa

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa nne wa udaktari, Tanzania. Kwenye raundi tulionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, saratani ya Burkitt ya kitabuni kabisa. Mama yake alikubali nipige picha. Nikaziba macho kwa emoji, nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mwenzangu akaiweka status. Sasa naambiwa nimevunja maadili, ilhali mhadhiri wetu naye hutuma picha za namna hiyo. Kosa langu ni lipi?

Jibu: Marahaba. Ifute leo kwenye simu, kwenye grupu na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu hujinakilia yenyewe, kisha mwambie mkuu wa wodi kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Kinachonichosha ni hii imani ya kuziba macho. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeshaandika wazi kwamba kufunika macho hakutoshi, lakini kila mwaka naletewa emoji. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha nidhamu kuhusu picha ya mguu, mguu mtupu, uso haumo. Binti wa mgonjwa alimjua mama yake kwa pindo la kanga lililoingia pembeni. Alikuja nacho kipande cha pili cha doti ileile, akakitandika mezani mbele yetu. Sasa huyo mtoto wenu, na taya lile, nani kijijini kwao atashindwa kumtambua?

Na "mama alikubali". Mama anauguza, kazungukwa na makoti meupe kumi, angemkatalia nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Fomu aliyosaini ya matibabu haihusu simu yako.

Mhadhiri naye kakosea, tena zaidi yako, maana ninyi mnamwiga. Msinitajie programu za kufifisha sura wala ujumbe unaojifuta. Mwenye simu ya pili huupiga picha kabla haujafutika.

Picha za uvimbe zina soko. Huokotwa kwenye status, zikabandikwa kwenye kurasa za wauza dawa: "kabla" ni mtoto wa wodini kwenu, "baada" ni mtoto mwingine kabisa, na chini yake namba ya kutuma pesa. Mzazi mwenye mtoto wa Burkitt, ugonjwa unaotibika kwa kemotherapia ukiwahiwa, hununua chupa tatu kwanza. Anapofika kwetu, uvimbe umeshafika jichoni.