Chuma cha Makadara: Kipime Kabla ya Kukisugua

Swali la wiki hii: msomaji wa Makadara, Nairobi, akitumia mashine ya kutafuta metali kwenye kiwanja kilicho karibu na reli, amechimbua chuma kizito kilicholiwa na kutu, urefu wa sentimita 18 hivi, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Anauliza ni nini, na akisafishe vipi.

Kwa umbo hilo na mahali hapo, naamini ni kabari ya reli. Njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899 ililazwa zaidi juu ya mataruma ya chuma, yaani vipande vinavyokingama chini ya reli na kuishikilia. Taruma la aina hiyo lina masikio yaliyoinuliwa. Unyayo wa reli, yaani sehemu yake pana ya chini, hukaa katikati yake, kisha kabari inagongwa kwa nyundo kati ya sikio na unyayo mpaka reli ibane. Kwa mradi ule ziliagizwa kabari takriban 4,800,000, nne kwa kila taruma, ndiyo maana bado zinachimbuliwa hadi leo.

Hata hivyo, usiniamini mimi, kiamini chuma chenyewe. Kioshe kwa maji na mswaki laini tu, ukikague gizani huku tochi ukiilaza ubavuni mwake. Kama kabari ilitumika, kichwa kinene kitakuwa kimepondeka na kutanuka kama uyoga kwa ajili ya nyundo, na ubavu mmoja utakuwa na ukanda laini uliosuguliwa na reli. Usipoona hata alama moja kati ya hizo, fikiria kabari ya kupasulia kuni au kipande cha plau.

Kisha sumaku. Ikinata, ni chuma. Isiponata, huenda ni shaba, risasi au alumini. Baada ya hapo tafuta msongamano, yaani gramu ngapi kwa kila sentimita moja ya ujazo: kipime kikavu, tuseme gramu 620. Weka bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, ukining'inize chuma kwa uzi kizame chote bila kugusa chini. Mizani ikisoma 80, ujazo ni sentimita 80 za ujazo. 620 ukigawa kwa 80 ni 7.75. Chuma cha pua (steel) hukaribia 7.8, chuma cha kusubu 7.2, shaba ya njano 8.5, risasi 11.3. Kutu nene na udongo hushusha jibu, na kikigusa bakuli, mizani inasoma zaidi na jibu linashuka tena.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Kitu cha mviringo chenye pua iliyochongoka, au kilichofungwa pete ya shaba nyekundu kiunoni, kisiguswe wala kuoshwa. Huenda ni kombora. Ondoka, piga 999.

Kutu usiitoe kwa asidi wala brashi ya waya. Vyote hufuta alama na herufi, nazo ndizo zinazotoa jibu. Herufi UR ni Uganda Railway, jina la njia ile ya 1896, KUR (Kenya and Uganda Railway) ni ya warithi wake wa miaka ya 1920, EAR (East African Railways) ni ya kuanzia 1948. Umeme ndio bora: ndoo ya plastiki, maji lita 10, vijiko vikubwa viwili na nusu vya soda ya kufulia, chaja ya volti 12. Waya hasi wa chaja kwenye kabari, chanya kwenye bati la chuma cha kawaida, kabari na bati vikae majini bila kugusana. Bati lisiwe la chuma kisichoshika kutu, maana hutoa kromiamu yenye sumu. Magadi ya jikoni nayo yaache, yana chumvi, na chumvi huleta kutu upya. Fanyia kazi hii nje, gesi inayotoka inawaka. Ukimaliza suuza, kausha juani siku hiyo hiyo, paka nta.

Kuhusu sheria: kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo kabari haimo. Lakini ukipata kitu chenye thamani ya kiakiolojia, una siku saba za kutoa taarifa. Na usiipeleke kabari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani utaulizwa umeitoa wapi. Ipeleke Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, uilinganishe na vifaa vilivyohifadhiwa pale.