Fuata mfuko hadi kwenye majivu

Wewe unayeanza ukaguzi wa taka za hospitali, usianzie ofisini kwa mganga mkuu. Huko utaoneshwa kibali chenye muhuri na mkataba wa mzoaji. Anzia wodini. Angalia kisanduku cha sindano: kinatakiwa kifungwe kikijaa robo tatu, na ukikuta ncha zinachungulia mdomoni, andika hapo hapo. Kisha mtafute mfagiaji, muulize kwa upole, mkiwa peke yenu, mifuko ya njano, ile ya taka zenye maambukizi, huenda wapi na saa ngapi. Yeye ndiye anayechomwa. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B inaweza kumwambukiza asiyechanjwa kwa uwezekano unaofikia asilimia 30.

Baada ya hapo zifuate kilo. Zipo namba tatu: zilizopimwa hospitalini, alizopokea msafirishaji, zilizoingia kwenye tanuri la kuchomea taka. Zisipolingana, kuna mzigo umemwagwa njiani. Zikilingana kupita kiasi, shuku pia. Niliwahi kukuta rejista yenye kilo 40 kila siku, Jumapili hadi Jumapili, wino ule ule, mwandiko haujayumba hata kidogo. Mtu alikaa asubuhi moja akajaza mwezi mzima.

Kwenye tanuri, omba kumbukumbu za joto. Chumba cha pili, kinachounguza moshi wa cha kwanza, kisipofika nyuzi 850 za Selsiasi, dioksini, kemikali zenye sumu kali, hutoka na moshi. Chokoa majivu kwa fimbo, usitumie mkono: bomba la sindano la plastiki lililobaki zima ni ushahidi tosha kwamba hapakuungua.

Ushahidi wenyewe uutunze kama roho yako. Kesi yangu ya kwanza ilianguka kwa uzembe wangu. Mifuko niliyoikamata ililala stoo bila lakiri, na wakili akauliza swali moja tu: ufunguo alikuwa nao nani? Sikuwa na jibu. Siku hizi nafunga lakiri, naandika namba yake na saa, na anayenikabidhi anasaini mbele yangu.

Usikimbilie kufunga kituo, wagonjwa wataenda wapi? Wala usimwangushie muuguzi faini wakati aliyekataa kununua visanduku ni mwenye hospitali. Toa amri ya kurekebisha, yenye jina la anayewajibika na tarehe. Tarehe hiyo ikifika, rudi, hata kama mvua inanyesha.