Kope na vigimbi kuchezacheza baada ya kupiga dawa shambani

Dada, umeuliza kwa nini kope na vigimbi vya mumeo huchezacheza akitoka kupiga dawa kwenye nyanya, na kama apumzike tu. Usisubiri. Ikiwa dawa ni ya organofosfati, kundi la dawa za kuua wadudu kama profenofosi au klorpirifosi, hizo zaweza kuwa dalili za sumu.

Ili msuli ukaze, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mwembamba kati yake na msuli. Umeme husambaa juu ya msuli, kalsiamu iliyohifadhiwa ndani hufunguliwa, nyuzi za aktini na miosini huvutana. Kulegea nako ni kazi: kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, huivunja asetilikolini upesi kuliko kupepesa jicho, kisha kalsiamu husukumwa kurudi ghalani kwa nishati. Organofosfati hukifunga kimeng'enya hicho. Amri ya kukaza haifutiki, msuli unachezacheza, halafu unapooza. Hali hiyo ikifika kwenye misuli ya kupumulia, mtu hufa.

Avue nguo zote alizopigia dawa, aoge kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Unayemsaidia, vaa glavu. Mpeleke hospitali leo hii, ukichukua picha ya lebo ya dawa. Mate mengi, jasho, kutapika, mboni kuwa ndogo au pumzi kubana ni dharura. Tafadhali usimtapishe.

Asirudi kupiga dawa mpaka daktari aruhusu. Kimeng'enya huchukua wiki kadhaa kurejea.