Jibu: Astrobiolojia bila darubini, inawezekana?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa kemia hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anaweza kuingia kwenye astrobiolojia, yaani sayansi ya kutafuta uhai nje ya Dunia, bila darubini. Anaweza kabisa! Panda basi uende Singida, kachote maji ya Ziwa Singidani au Kindai. Ni ya chumvi, na vijidudu vinavyostahimili chumvi ndivyo vinavyotufundisha tutafute nini kule Mirihi. Chupa safi, hadubini, daftari, unaanza.

Halafu kuna kimondo cha Ivuna, kilichoanguka nchini kwetu mwaka 1938. Kina asidi amino, viungo vinavyojenga protini, na vumbi ambalo chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, kilileta kutoka asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka Jua) iitwayo Ryugu mwaka 2020 linafanana nacho mno. Inaniuma kwamba wengi wetu hatujawahi hata kukisikia. Msimamizi mtafute mapema, kabla hujaandika pendekezo la utafiti.